Rangi mpya ya gari nayo ina arobaini yake

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.

Msikilizaji, rangi ya gari ni jambo ambalo wengi wetu hulifikiria siku mbili tu: siku ya kumlipa fundi, na siku ya kugombana naye. Katikati ya siku hizo mbili hupita majuma machache ambayo aghalabu hakuna anayeyajali, na hayo ndiyo yanayoamua kama fedha iliyolipwa itadumu miaka kadhaa au itakuwa imekwisha kabla ya masika.

Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Gwata, huko Mkoa wa Pwani, jina ambalo unalikuta upande wa Kibaha na upande wa Kisarawe pia. Ndugu huyu ana Toyota Noah inayobeba abiria asubuhi kwenda Mlandizi na kuwarudisha jioni. Rangi ya zamani ilikuwa imebabuka hadi kutu inaonekana, abiria wakaanza kulikwepa gari lake na kupanda la jirani. Akalipeleka kwa fundi, likalala huko siku tisa bila kuingiza hata senti, na malipo yakatoka katika fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya shule ya watoto. Gari lilipotoka lilikuwa linang'aa hata watu wanajitazamia ndevu. Baada ya majuma matatu tu, anasema, ubavu mmoja umejaa mikwaruzo myembamba kama nywele, boneti ina mabaka ya duara yasiyotoka, na pembeni mwa kifuniko cha tangi la mafuta rangi imekuwa laini hata ukiibonyeza kwa ukucha inabaki na alama. Fundi anamwambia, “Umeiharibu mwenyewe.” Yeye anamwambia fundi, “Umeniuzia rangi mbovu.” Shauri lao sasa liko kwa mwenyekiti wa kijiji, na mimi naulizwa nani mkweli kati yao.

Nitajibu, lakini siwezi kulijibu swali hilo kabla hatujaelewana juu ya maneno mawili: kukauka na kukomaa. Nadhani ugomvi mwingi wa namna hii unaanzia hapo.

Tuchukue zege. Ukimwaga zege leo asubuhi, kesho unaweza kutembea juu yake. Limeshika. Hata hivyo hakuna fundi mwashi mwenye akili zake atakayekuruhusu kupandisha ghorofa juu yake siku hiyo, maana kipimo cha nguvu za zege huchukuliwa siku ya 28. Rangi ya gari nayo iko hivyo hivyo. Jioni ya siku ile ile iliyopulizwa unaigusa na haishiki kidole. Imekauka. Lakini ndani yake bado mna thina inayotafuta njia ya kutoka, na chembe zake bado hazijamaliza kushikana. Kazi hiyo huendelea kimya kimya kwa siku nyingi baada ya wewe kukabidhiwa funguo.

Ni siku ngapi? Hapo inategemea rangi iliyotumika, na ni jambo la kusikitisha kwamba wenye magari wengi hawaulizi. Mafundi wetu hutumia hasa rangi za namna tatu. Ya kwanza ni ile wanayoiita NC, yaani rangi ya selulosi. Hii hukauka kwa thina kuruka hewani, basi. Hakuna badiliko jingine linalotokea ndani yake. Kwa hiyo hukauka upesi sana, lakini hata baada ya miaka kumi ukiidondoshea thina itayeyuka kama siku ya kwanza. Ya pili ni sintetiki, ambayo ni ndugu wa rangi ya mafuta tunayopaka milango na madirisha. Hii huvuta oksijeni ya hewani ili igande, na kwa kuwa hewa inaigusa juu tu, huanza kufanya ngozi kama ile ya maziwa yaliyochemshwa, huku chini yake bado ni mbichi. Inaweza kuchukua majuma mengi. Ya tatu ni ile inayoitwa 2K, ambayo fundi huichanganya na hadina muda mfupi kabla ya kuipuliza. Rangi na hadina vikikutana huungana vikawa kitu kimoja kipya ambacho hakirudi tena kuwa rangi ya majimaji. Hii ndiyo imara kuliko hizo nyingine mbili. Siku hizi magari mengi hupigwa rangi yenyewe kwanza, kisha juu yake ikaja klia ya 2K isiyo na rangi, na ukilisifu gari kwamba linang'aa, kwa kweli unaisifu klia.

Hapa mtu ataniuliza: mbona gari likitoka Japani rangi yake haina masharti hayo yote? Ni kwa sababu kiwandani bodi hupitishwa katika tanuri kabla halijafungwa matairi, viti wala nyaya. Bodi tupu la chuma linaweza kuchomwa kwenye nyuzi joto kama 140 kwa dakika 20 au 30, na likitoka humo rangi imekwisha komaa. Gari lako lililokamilika ukilitia katika joto la namna hiyo utatoa plastiki zilizoyeyuka. Gereji kubwa zenye chumba cha kuokea rangi huishia kwenye nyuzi 60 hivi. Na fundi wa chini ya mwembe, ambaye ndiye fundi wa wengi wetu, ana jua la Mwenyezi Mungu pekee. Simdharau. Nimeona kazi nzuri sana zilizofanyika chini ya mwembe. Ila rangi yake inahitaji muda zaidi, na muda huo unautoa wewe mwenye gari.

Nifungue mabano kidogo juu ya hadina. Ndani yake mna kemikali ziitwazo isosayanati, na hizo zikivutwa puani wakati wa kupuliza zinaweza kumletea mtu ugonjwa wa pumu ambao hautamwacha tena. Fundi anayefunga kitambaa puani anadhani amejikinga, na kumbe kitambaa hakizuii chochote. Ukienda kutazama kazi inavyoendelea, simama mbali, upande upepo unakotoka, na mtoto usimpeleke kabisa. Nafunga mabano.

Kwetu pwani mzazi akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na hakuna anayemwona mvivu. Mimi naona gari lililopigwa rangi upya nalo lipewe arobaini yake. Si kwamba lisitembee; la Gwata lazima litembee, maana wenye gari hawali rangi. Namaanisha kwamba katika siku hizo kuna mambo lisifanyiwe.

Siku mbili za mwanzo ndizo ngumu. Rangi isipatwe na mvua wala umande, kwa hiyo mwenye kupanga vizuri hapigi rangi katikati ya masika, Machi hadi Mei, ikiwa ana uwezo wa kungoja Juni. Unyevu ukiwa mwingi hewani, rangi ya NC hufanya ukungu mweupe kama maziwa wakati inakauka, na hapo lawama ni ya hali ya hewa na ya fundi asiyengoja. Juma la kwanza gari lisioshwe kabisa. Baada ya hapo, hadi mwezi utimie, lioshwe kwa maji safi na mkono, na kama lina uchafu wa mafuta basi itumike sabuni laini ya maji iliyochanganywa maji mengi. Zile mashine za kupiga maji kwa nguvu zisilikaribie, hasa kwenye kingo za milango na mahali fundi alipoishia kuunganisha rangi mpya na ya zamani, kwani maji hupenya pale na kuinua rangi kama ganda la kitunguu.

Wala lisifunikwe. Nasikia wengine hulifunika gari turubai au nailoni usiku wakidhani wanalihifadhi. Thina inayotaka kutoka hurudishwa ndani, umande hunaswa chini ya nailoni, na upepo ukivuma turubai linasugua usiku kucha. Hali kadhalika vibandiko. Mabasi madogo ya Dar es Salaam huwa na mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha njia linayopita, na mwenye basi huwa na haraka ya kuupaka ili arudi barabarani. Basi fundi akibandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya rangi changa ili apate kunyoosha mstari, akija kuubandua anaondoka na rangi. Mstari huo upigwe siku ile ile na fundi yule yule, ambaye anajua amechanganya nini, au ungoje mwezi. Majina ya watoto na maneno ya kujisifu yabandikwe kwenye kioo, kioo hakina arobaini.

Sasa nije kwenye vumbi, ambalo ndilo adui mkuu wa gari la vijijini, ingawa si kwa namna tunavyodhani.

Rangi yote ya gari jipya, kuanzia praima hadi klia, ina unene wa mikroni kama 100 hadi 150. Mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Kwa maneno mengine, chukua karatasi moja ya daftari, uishike kati ya vidole viwili: huo ndio unene unaokaribia rangi yote ya gari. Klia peke yake ni mikroni 40 au 50, ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Upande mwingine, vumbi la barabara zetu lina punje za mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha daraja 1 hadi 10 yako daraja la 7. Mchanga huo unakwaruza kioo. Unakwaruza chuma. Rangi ya majuma matatu itafanya nini mbele yake?

Hata hivyo vumbi lililolala juu ya boneti halimdhuru mtu. Linakaa tu. Madhara yanaanza pale kondakta anapochomoa kitambaa chini ya kiti, kikavu, akalipangusa gari kabla ya abiria kuja, ili lionekane safi. Kwa sekunde chache hizo amepitisha msasa ubavu mzima. Akirudia kila asubuhi kwa majuma matatu, unapata ile mikwaruzo kama nywele ambayo ndugu yangu wa Gwata ameielezea vizuri sana katika barua yake. Watoto wanaoandika majina yao kwa kidole kwenye vumbi nao wanafanya kazi ile ile, na jina hulioni likiwa baya mpaka siku ya kuosha, unapokuta limebaki. Na kuku! Kuku akipanda juu ya boneti hushuka kwa kuteleza, kucha zikitangulia.

Kwa hiyo shauri langu kwa mtu anayenunua maji kwa dumu ni hili: kama maji hayatoshi kuosha, acha vumbi. Kondakta apanguse vioo, taa na namba za gari, kwa sababu hizo ni za usalama na ni za sheria, bodi aliache. Nina hakika abiria wa Gwata hawatashangaa kuona gari lina vumbi.

Siku maji yakipatikana, madumu matatu ya lita 20 yanatosha kwa gari kama Noah ukiyatumia kwa mpango. La kwanza unalimwaga polepole kuanzia juu ya paa kushuka chini bila kugusa chochote kwa mkono, ili vumbi lielee na kuondoka lenyewe. La pili ni la kuosha, kwa sponji au fulana ya pamba iliyochakaa isiyo na vifungo wala mishono migumu, unaanza paa, kisha vioo na boneti, kisha ubavu, na kila mara unaisuuza fulana katika ndoo ya pembeni ili mchanga ubaki humo. Matairi na madigadi ni mwisho, kwa kitambaa kingine ambacho hakitarudi kamwe kwenye bodi. La tatu ni la kusuuza. Kazi hii ifanyike kivulini na bodi likiwa limepoa. Asubuhi mapema ndiyo saa yake.

Juu ya maji yenyewe niseme neno. Visima vingi vya mkoa huu vina maji ya chumvi au maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu na sufuria hufanya ganda jeupe. Tone la maji hayo likikaukia juani juu ya rangi, maji huruka na chumvi hubaki katika umbo la duara. Kwenye rangi iliyokomaa unaweza kuliondoa duara hilo. Kwenye rangi changa, boneti ikiwa na joto la kupita nyuzi 60 kama ilivyo mchana, linazama na kubaki. Dawa yake ni kukausha gari mara tu baada ya kusuuza, kwa kitambaa laini cha pamba, bila kungoja jua likusaidie. Na mwenye bati na pipa ana bahati kubwa: maji ya mvua hayana chumvi. Ukiacha mvua ya mwanzo isafishe bati kwanza, yanayofuata ndiyo maji bora kabisa ya kusuuzia gari.

Kuna wanaolipeleka gari mtoni wakaona wamemaliza shida ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na maji ya Ruvu, pale Ruvu Juu karibu na Mlandizi, ndiyo yanayosafishwa yakanywewa na watu wa Kibaha na Dar es Salaam. Mafuta na sabuni ya gari lako vinamfikia mtu kikombeni. Tena mchanga wa mtoni ndio kwatzi tupu.

Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, hata gari likiwa la zamani. Imetengenezwa ing'oe mafuta katika nguo, na katika rangi hung'oa kila kinachoikinga. Lakini kibaya kuliko sabuni ni ile desturi ya kupangusa gari kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae. Ling'ae linang'aa, sikatai, kwa sababu limepakwa mafuta, kama mguu uliopakwa mafuta ya nazi. Lakini dizeli inalainisha rangi changa, na ikifika mchana vumbi lote la njiani limeganda juu yake kama unga kwenye samaki wa kukaanga. Jioni hapo unahitaji kusugua, na mchanga uko palepale.

Kivuli nacho ni cha kuchagua. Mwembe unatoa utomvu, na ndege na popo wanaolala humo wanatoa zaidi. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na kwa kuwa rangi hulainika ikipata joto la mchana kisha hukaza jioni, uchafu ule uliokauka juu yake huacha umbo lake pale pale. Ukiuona usiukwangue, weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika kadhaa, ulainike, uuinue. Mkorosho ni hatari zaidi wakati wa msimu. Kila mtu wa Kisarawe anajua doa la bibo kwenye nguo halitoki, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza hata ngozi ya mtu. Ajabu ni kwamba mafuta hayo hayo viwandani hutumika kutengenezea vanishi na bitana za breki! Banda la makuti ni zuri likiwa wazi pande zote, hewa ipite, ila mvua ikinyesha makuti hudondosha maji ya rangi ya chai, na gari jeupe litayaonyesha. Usiegeshe pia karibu na tanuri la mkaa au jiko la kuni, kwa sababu majivu yakikutana na umande yanakuwa kama magadi, yanakula rangi usiku umelala. Na gunia la mkaa juu ya paa, kwa kamba inayosugua kingo za milango, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Limebaki suala la petroli. Huko ambako kituo cha mafuta kiko mbali, mafuta hununuliwa kwa dumu na kumiminwa kwa chupa iliyokatwa. Kila mara matone kadhaa hushuka chini ya kifuniko. Wenye bodaboda wanalijua hili vizuri, kwa kuwa tangi la pikipiki ndilo linaloanza kubabuka. Wakati wa kumimina, weka kitambaa kilicholowa maji kuzunguka mdomo wa tangi, na tone likidondoka mwagia maji papo hapo badala ya kulipangusa. Mafuta ya breki ni hivyo hivyo, tena ni makali zaidi: yanamenya rangi hadi kwenye chuma. Yenyewe huchanganyika na maji, kwa hiyo maji mengi na ya haraka yanaokoa.

Baada ya hayo naweza kumjibu ndugu yangu wa Gwata, naye asinichukie. Mikwaruzo ya ubavuni ni ya kwenu, wewe na kondakta wako na kile kitambaa. Mabaka ya duara kwenye boneti nayo ni ya kwenu, ni maji ya kisima yaliyokaukia juani. Lakini rangi iliyolainika pale kwenye tangi, hiyo namuuliza fundi. Rangi ya 2K iliyotiwa hadina kwa kipimo, ikiwa na majuma matatu katika joto la Pwani, haipaswi kulainika kwa matone ya petroli hata ibonyeke kwa ukucha. Ama fundi alipunguza hadina, kwa sababu ni ghali, ama alipuliza NC akatoza bei ya 2K. Kuna kipimo rahisi, na mkifanye mbele ya mwenyekiti: chukueni kitambaa cheupe, kitieni thina kidogo, msugue mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mlango ambako klia ile ile ilipita. Kama rangi inanata na kuhamia kwenye kitambaa, haikuwa 2K iliyokomaa, na fundi anadaiwa. Kama kitambaa kinabaki cheupe, fundi alifanya alichoahidi, na huenda mafuta yanavuja pale mfululizo kutokana na mpira wa kifuniko uliokwisha.

Kwa wengine wenye ugomvi kama huo, zipo dalili ambazo haziwezi kuletwa na mwenye gari hata angetaka. Malengelenge yanayovimba chini ya rangi maana yake kulikuwa na unyevu, mafuta au kutu chini kabla ya kupulizwa. Rangi inayobanduka kwa vipande vikubwa, ikaacha chini pako laini na safi, haikupigiwa msasa vya kutosha. Iliyojikunja kama ngozi ya mzee ilipulizwa nzito, au thina ilikuwa kali ikaamsha rangi ya zamani iliyo chini. Ile yenye vipele kama ganda la chungwa ni mkono au kompresa ya fundi. Puti iliyopasuka ilipakwa nene badala ya bodi kunyooshwa. Haya yote ni ya fundi, na ni vizuri wenye magari wayajue kabla ya kulipa fungu la mwisho.

Mwezi ukitimia, unaweza kuanza kutumia sabuni ya kuoshea magari kama kawaida. Polishi na waksi visubiri zaidi. Gari lililookwa katika chumba cha joto huweza kupata waksi baada ya siku 30 hivi; lililokaushwa kwa hewa na jua lingoje siku 60 hadi 90, kwa sababu waksi ni mfuniko, na thina iliyobaki inahitaji mlango wazi. Watu huchanganya vitu viwili hapa. Waksi inaongeza tabaka la kukinga. Polishi ya kukata, ile iliyo kama dawa ya meno, inapunguza: inasugua klia mpaka mkwaruzo uishe, na ukikumbuka ile karatasi ya daftari utaelewa kwamba huwezi kufanya hivyo kila Idi na kila Krismasi. Punje za vumbi zilizonaswa ndani ya rangi wakati wa kupuliza azitoe fundi mwenyewe, kwa msasa wa maji ulio laini sana, baada ya rangi kukomaa.

Kama umebadilisha rangi, mathalani kutoka nyeupe hadi bluu, kumbuka kwamba kadi ya gari inataja rangi. Peleka taarifa TRA ili kadi irekebishwe, usije ukaonekana unaendesha gari la mtu.

La mwisho ni mawe. Kwenye barabara ya changarawe, lori lililo mbele yako linakutupia vijiwe, na kila kijiwe kikidonoa boneti hufungua mlango wa kutu. Achia nafasi, na hakikisha madigadi ya mpira yapo nyuma ya matairi. Kabla hujaondoka gereji mwombe fundi rangi iliyobaki, kabla haijatiwa hadina, akutilie katika kichupa cha kioo chenye kifuniko kinachobana. Andika juu yake namba ya rangi. Katika magari ya Toyota namba hiyo iko kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. 040, kwa mfano, ni ile nyeupe iliyojaa barabarani kwetu. Mahali palipodonolewa panasafishwa, panakaushwa, panaguswa kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyochovywa rangi, juma lile lile, kabla kutu haijaanza kutambaa. Kichupa kikae mbali na jiko, na mbali na mikono ya watoto.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutazungumzia matairi ya mitumba.